Miti Yake, Ardhi ya Watu

Bi Twaiba wa Munje alikuwa na mikorosho thelathini na mmoja, na hakuwa na ardhi hata ya kuzikia paka. Usicheke, ndivyo alivyozaliwa akakuta. Miti ilipandwa na babake. Ardhi ni ya Bwana Alamin, akaaye Mombasa. Na kwa desturi ya kule, anayetaka kumhamisha mtu sharti kwanza amlipe miti yake, mmoja mmoja. Ila Alamin alikana katakata kwamba mzee yule alipanda chochote. Mzee wa watu alidai karatasi ya miti yake miaka ishirini, akafa bila karatasi.

Mwaka huu waheshimiwa wa kaunti walikabana koo. Kambi moja ilitaka ushuru utozwe korosho zinazouzwa nje. Nyingine ilitaka wenye ardhi ndio walipe. Barazani Msambweni walitukanana mpaka kipaza sauti kikazima. Mwishowe wakapatana: utozwe pande zote mbili. Mnunuzi akashusha bei ya korosho, Alamin akapandisha kodi ya ardhi, waheshimiwa wakapeana mikono. Bi Twaiba akabaki kuulipa ushuru mara mbili.

Alamin akamtuma karani wake mpya, Austine, mtu wa bara, mstaarabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Hapana. Kodi sasa ni kwa kila mti. Usipolipa kufikia mavuno, ndipo utahama."

Ahame aende wapi na umri ule, tena mikono mitupu? Lakini hakubisha. Alimzungusha Austine shamba zima aandike hesabu ya miti, akamwonyesha hata mkorosho uliojificha nyuma ya choo. Karani hakuwahi kuona mtu anayependa kutozwa namna ile.

"Hapo andika na mwenyewe ni nani," Bi Twaiba alimwambia kwa upole. "Mti usio na mwenyewe utamtoza nani?"

Austine aliona ni haki. Akaandika kwa mwandiko safi: "Mikorosho 31, mali ya Twaiba." Akatia sahihi, akagonga na muhuri wa Bwana Alamin, akampa nakala.

"Haya, kamwambie Bwana anihamishe sasa," alisema Bi Twaiba, akaingia ndani na karatasi yake. Alimlilia babake kwa sauti, kama aliyefiwa jana.

Alipotoka, Austine alikuwa bado amesimama uani, kofia mkononi.

"Mama, nimekukosea?"

"La, hukunikosea, mwanangu. Umechelewa tu."