Mnyatiaji wa Panga Saba

Watu walimwita Wembe, na si kwa sababu ya ulimi wake, ingawa ulimi nao haukuwa butu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkataji katika duka lake mwenyewe la uchapaji. Karatasi zilitoka kwenye mashine ya kuchapia zikiwa pana kama kitambaa cha meza, naye akazigonga kingo zikae sawa, akazibana, akateremsha kisu. Alikata vitabu vya risiti, kadi za mialiko, kalenda za ukutani, lebo za chupa. Vidole vyake kumi vilikuwa vizima, na siri yake ilikuwa moja tu: hakukiamini kisu hata siku moja. Hata rula hakuiamini. Alikuwa nazo mbili, moja ya kuichunguza nyingine.

Na watu aliwapima hivyo hivyo. Muuza maziwa akichelewa, basi amesimama njiani kuyatia maji. Jirani akimsalimia kwa bashasha, ana shida anataka kuisema. Mteja akilipa bila kuomba apunguziwe, noti zake zilipelekwa dirishani kumulikwa moja moja.

"Mume wangu," mkewe alikuwa akimwambia, "siku ya kufa utamwomba malaika kitambulisho."

"Na picha nitaiangalia kama inafanana naye," alijibu Wembe, wala hakuwa anatania.

Aliyekaribia kuaminiwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mchapaji. Mashine ya kuchapia ilikuwa kuukuu na yenye maringo, na kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa ikimsikiliza yeye peke yake. Mtu mwingine akiigusa ilimeza karatasi na kutema uchafu. Bila shemeji, duka lile lingekuwa ghala la karatasi tupu. Wembe alilijua hilo, na kulijua kulimkosesha raha, kwa sababu kwake yeye mtu unayemhitaji sana ndiye mwenye nafasi nzuri ya kukumaliza. Ndivyo alivyopiga hesabu zake, maskini.

Sasa, mwaka ule likafunguliwa duka jingine la uchapaji mtaa wa pili, la vioo, lenye mashine mpya. Tangu siku hiyo Wembe alianza kumtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho. Shemeji akipokea simu, alitoka nje. Kwa nini atoke? Mashine inapiga kelele, angesema mtu mwenye akili. Wembe alisema, "Hm."

Ni wakati huo ndipo alipokuja mchoraji, mwanamke mrefu mwenye rangi chini ya kucha, akiwa na michoro sabini na minane aliyoifanyia kazi miaka minne. Zilikuwa karata za taroti, zile wanazotandaza wapiga ramli. Alitaka seti mia mbili kamili, na masanduku yake. Karatasi alileta mwenyewe, nene, laini, iliyoagizwa mbali, na alileta ya kutosha tu. Zile chache za kujaribia rangi ziliisha zote siku ya kwanza.

Akawaonyesha michoro mmoja baada ya mwingine. Wembe alikuwa anapiga miayo mpaka ulipofika ule wa Panga Saba. Hapo alivaa miwani.

Mtu anaondoka kambini kwa kunyata, nyuma yake mahema. Amekumbatia panga tano kifuani. Mbili zimebaki zimechomekwa ardhini. Miguu inakwenda mbele, uso umegeuka nyuma, na anatabasamu.

"Huyu ni mwizi," alisema Wembe.

"Ni mwizi, mzee, ila si wa kuvunja mlango," alisema mchoraji. "Huyu alikuwa akila na hao anaowaibia. Ndiyo karata ya usaliti, ya hila, ya mtu anayefanya peke yake jambo ambalo lilipaswa kusemwa mbele ya wenzake. Hebu tazama anavyozishika hizo panga."

"Kwa makali," alisema Wembe. "Mikono mitupu. Huyo hafiki mbali na vidole vyake."

"Na anachekea nini?" aliuliza shemeji.

"Anadhani hajaonwa," alisema mchoraji.

Shemeji akacheka, akauliza tena: "Je, karata ikitoka kichwa chini?"

"Maana hugeuka. Mwizi anarudisha, au anakiri. Au siri inabaki ndani yake mpaka imchome."

Maswali mengi hayo kwa mchapaji, aliwaza Wembe. Ya nini? Akaondoka na picha ile kichwani.

Kazi ilikwenda wiki mbili. Shemeji alichapa karata sita kwenye kila karatasi kubwa, na hakika mtu angeweza kuuhisi ukali wa panga zile kwa macho. Wembe alikata, akaviringisha pembe. Kisha mkewe akapanga marundo sabini na manane juu ya meza ndefu, akawa anapita taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akiokota moja moja, seti baada ya seti. Kwenye seti ya mia mbili, mkono wake ulishuka mahali pa Panga Saba ukakuta mbao.

"Imepungua moja," alisema.

Walihesabu upya. Walifungua seti zote mia moja tisini na tisa wakihofia mbili zimenatana. Shemeji alilala kifudifudi na tochi, akaangaza chini ya meza, chini ya mashine, nyuma ya makopo ya wino. Hakuna.

Kati ya karata zote, hiyo. Wembe alingoja shemeji aende kunawa.

"Ameichukua," alimnong'oneza mkewe. "Ameipeleka kule kwenye vioo, kama sampuli. Awaonyeshe anachoweza kufanya, wampe kazi."

"Mdogo wangu?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Usianze," alisema mkewe. "Nakuomba, usianze."

Lakini mtu huyu alikuwa ameanza miaka mingi iliyopita. Kutwa nzima alikaa na wazo lile, akalilea, akalilisha. Shemeji alikuwa mchangamfu kupita kiasi: anaficha. Shemeji alinyamaza: anaficha. Kesho yake mchoraji alipokuja kuchukua mzigo na kuambiwa imekosekana karata moja, Wembe alihisi aibu ikimpanda usoni, na aibu yake, kama kawaida, ikatafuta mtu wa kumwangukia.

"Shemeji," alisema, "lete mkoba wako hapa."

"Mkoba wangu?"

"Kama huna kitu, huna hofu."

Mkewe alisema, "Mume wangu!" Mchoraji alitazama sakafu. Shemeji alisimama kidogo, kisha akauleta mkoba, na akaumwaga mwenyewe mezani: bakuli la chakula cha mchana, shati safi, miwani ya kusomea iliyofungwa uzi, dawa za mgongo. Wembe akapekua. Akafungua hata bakuli. Mgongo wa shemeji, nawaambieni, uliharibikia palepale dukani, kwa miaka kumi na mmoja ya kuinamia mashine ile.

"Umeridhika, shemeji?" aliuliza shemeji yake, polepole.

Wembe alisema mtu mjanja hatembei na alichoiba. Basi shemeji akakusanya vitu vyake, akarudi kwenye mashine. Mchoraji alisema atarudi baada ya siku mbili kwa ajili ya masanduku, labda karata itakuwa imeonekana. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulimchoma Wembe kuliko matusi.

Siku iliyofuata, shemeji akiwa ametoka kula na mke akiwa sokoni, Wembe aliamua kukata kadibodi za masanduku. Mkataji wa zamani hakati sanduku kwa kuandika namba. Namba hukosea. Anachukua kitu chenyewe kitakachoingia ndani, anakilaza juu ya kadibodi, anapima. Kwa hiyo katika kila kazi, kabla hajateremsha kisu kwa marundo, Wembe alikata karatasi moja ya majaribio, akaweka kipande kimoja kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka. Ila kazi hii haikuwa na karatasi za majaribio zilizobaki. Alikuwa amekata moja ya zile nzuri, zilizohesabiwa.

Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Ukatoka na karata. Akaigeuza, na yule mtu wa mahema akamtabasamia.

Wembe aliketi juu ya rimu ya karatasi. Kwanza alihisi baridi, halafu joto, halafu, ukitaka ukweli wote, alimtafuta mtu wa kumshuku: nani ameitia humu? Hata mwenyewe alijisikia haya. Koti lile halikuvaliwa na mwingine. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo aliliona, tena mchana kweupe.

Njia zilikuwa mbili. Angeweza kungoja wote warudi, aseme, "Nilikuwa nayo mimi mwenyewe." Maneno manne. Mtu mwingine angeyasema na kucheka. Lakini alifikiria bakuli lile alilolifungua, macho ya mkewe, na maneno manne yakawa mazito kuliko mashine. Njia ya pili ilikuwa meza ndefu hatua kumi kutoka pale. Seti ya mia mbili ilikuwa imewekwa kando, wazi juu. Angeitia humo, ionekane ilinatana na nyingine. Mambo hunatana.

Akavua viatu, maana mbao za sakafu ile zilikuwa na mdomo. Akaenda kwa ncha za vidole, karata kifuani, uso umegeuzwa kwenye mlango wa mbele. Alikuwa amefika katikati aliposikia mtu akikohoa kwenye mlango wa nyuma.

"Shemeji," ilisema sauti, "unanyata dukani kwako?"

Wembe aligeuka, karata bado kifuani.

"Nimeiona," alisema Wembe. "Ilikuwa chini ya meza."

"Chini ya meza nililala mimi na tochi."

Wembe alitazama soksi zake. Moja ilikuwa na tundu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na pale hapakuwa na pa kuchutamia.

"Ilikuwa mfukoni mwangu," alisema mwishowe. "Ilikuwa kipimo changu. Niliichukua mimi. Nisamehe, shemeji. Nisamehe, nimekukosea sana."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo, na yalitoka yakikwaruza. Alinyanyua uso. Alitarajia hasira, na hasira angejua pa kuiweka.

Shemeji yake hakukasirika. Alivuta kigoda, akaketi, akashika mgongo.

"Nimekusamehe," alisema. "Kweli kabisa. Ila kuna jambo na mimi nikuambie, usije ukalisikia kwa watu. Wale wa duka la vioo wamenipigia simu mara tatu mwaka huu. Mara ya kwanza nilikataa. Ya pili nikakataa. Ya tatu waliongeza mshahara, dada akaniambia fikiria, nikakataa, kwa sababu yako. Jana jioni, baada ya ule mkoba, niliwapigia mimi. Naanza Jumatatu."

Na moyo wa Wembe, bila haya hata chembe, uliruka kifuani ukasema: Si nilisema! Aliusikia kwa masikio yake mwenyewe. Sekunde nzima alikuwa mtu mwenye furaha, mtu aliyekuwa sahihi siku zote. Ndipo akaelewa ni kitu gani alichokuwa anakishangilia. Akajiinamia katikati ya duka, miguuni soksi tu, akalia.