Kuku Mwenye Kitenge cha Kwaya

Kuku nawajua mimi. Jogoo wangu akiwika hapa Bariadi, watu wa Mwanhuzi, wilaya nyingine kabisa, wanaamka wanapiga mswaki. Lakini juzi jioni, pale ofisi ya mtaa, nilichanganyikiwa mpaka nikasahau nilichofuata.

Akina mama wawili walikuwa wanavutana tetea mmoja mwekundu, huyu kashika bawa, yule kashika mguu.

"Mwenyekiti, wangu huyu! Nimemfunga mguuni kitambaa cha kitenge cha kwaya yetu."

"Mayu, mama yangu, kwaya hiyo unaimba peke yako? Na mimi wangu nimewafunga hichohicho!"

Mwenyekiti akakuna kichwa. Nikamsaidia, maana kwa ushauri mkoa mzima unanitegemea mimi: "Mwachieni. Saa hizi kuku anarudi kwake. Banda atakaloingia, mwenye banda ndiye mwenye kuku."

Wakamwachia. Akajikung'uta, akapita kwa huyu, akapita kwa yule, akaingia uani kwa mwenyekiti. Sisi nyuma yake. Mke wa mwenyekiti, kajifunga kitenge kilekile cha kwaya, akammwagia pumba: "Umerudi, mama mayai!"

Mama mmoja akamgeukia mwenyekiti: "Kumbe mayai unayonywea chai ni yangu?"

"Yako au yangu?" mwenzake akadakia.

Mwenyekiti akasema kesi imeahirishwa. Wote wakaniangalia mimi, mtoa ushauri.

Nikakimbilia nyumbani kukagua miguu ya kuku wangu. Watatu wamefungwa kitenge cha kwaya, na kwangu hata bafuni hakuna anayeimba.