Mzigo wa Krismasi Uliopanda Mamba

Baba yangu alianza kuuza nguo za sikukuu mjini Same kabla sijazaliwa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na stendi, na cherehani yangu ilikaa barazani, pembeni ya mlango. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, na tena Desemba ikishaanza, alipanda basi kwenda Dar kufuata mzigo, akarudi na marobota yanayonukia vitambaa vipya. Sisi ni Waislamu, lakini Krismasi ndiyo iliyotulisha. Watu wa milimani walishuka familia nzima, na baba aliwatandikia watoto kipande cha zulia ili wajaribie viatu bila kuchafua soli. Mtoto analilia gauni lenye maua kifuani, mama yake anataka la bluu kwa kuwa halionyeshi uchafu, na baba amesimama katikati anaapa kwamba hiyo ndiyo bei ya mwisho. Wote watatu wanajua si ya mwisho.

Duka la mtandaoni lilipoingia, hatukulisikia likiingia. Mwanzoni watu walikuja na simu mkononi, wakamwonyesha baba picha: "Mzee, unalo kama hili?" Mara nyingine alikuwa nalo, mara nyingine hakuwa nalo. Baadaye hawakuuliza tena. Maduka ya kwenye simu yalikuwa mengi, lakini watu wote wakaishia kwenye moja, kubwa kuliko mengine, ambalo huku kwetu hata jina lake halikutajwa. Walisema tu "kule". Umenunua wapi hicho kiatu? Kule.

Baba hakuwa mtu wa kununa. Alitaka kuelewa. Siku moja alimsimamisha mwalimu mmoja wa kike, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa anapita na mfuko wa plastiki wenye nembo ya kule.

"Mwalimu, hebu niambie ukweli. Kule kuna nini ambacho mimi sina?"

Mwalimu akacheka kwa aibu. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kule nachagua nikiwa nimejilaza, watoto wamelala. Naona rangi zote. Bei imeandikwa, haipandi kwa sababu umeniona nimesuka. Nguo isiponitosha, narudisha."

"Na hapa si unarudisha?"

"Narudisha, mzee. Lakini unaniangalia."

Baba alicheka mpaka akashika mlango. Jioni, tulipokuwa tunafunga, alirudia peke yake, taratibu: "Unaniangalia." Hakucheka tena.

Krismasi moja ikapita duka likiwa kimya. Idd iliyofuata, kimya. Akaacha kwenda Dar. Ndipo akaja kijana wa kampuni ile ya mtandaoni, amevaa fulana yenye nembo, anatafuta mahali pa kupokelea mizigo inayoshushwa na mabasi, ili watu wa Same na wa milimani wajue pa kuichukulia. Alilipenda duka letu kwa kuwa liko karibu na stendi na lina rafu nyingi. Mimi nilikasirika. Nilimwambia baba kwamba hawa ndio waliotuua, na sasa wanataka tuwatunzie panga.

"Watu watapita mlangoni," baba akasema. "Mimi nimezoea watu."

Basi rafu za viatu zikawa za maboksi. Na kweli watu walirudi. Walimwamkia baba, wakaonyesha ujumbe kwenye simu, wakapewa boksi, wakaondoka. Wengine walifungua palepale kwenye kaunta, na baba akaliangalia gauni likitoka, akalipapasa ukingoni kwa vidole viwili kama alivyopapasa nguo maisha yake yote. Kisha akasema, "Zuri. Vaa salama." Nilikuwa nainamisha kichwa kwenye cherehani nisimwone.

Kati ya waliokuja alikuwemo mama mmoja wa Mamba, juu milimani, mkulima wa tangawizi. Tulimjua miaka mingi. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na akiingia dukani kila mtu alijua Mamba imeshuka. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa anafanya kazi Dar, alivalishwa na baba sare za shule tangu darasa la kwanza. Baba alimtania huyo mama kwa Kipare, naye akamjibu kwa Kipare, kisha wakarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya bei. Siku alipofika kuchukua boksi lake la kwanza alikuwa kama mtu aliyekamatwa.

"Shikamoo mzee. Usinione hivi. Si mimi niliyenunua, ni mwanao."

"Marahaba mama. Anaendeleaje huko?"

"Mzima, ila hapati likizo. Anasema Desemba ndiyo kazi inazidi." Akaliweka boksi kwenye kaunta, akalipigapiga kama mgongo wa mtoto. "Unajua, mzee, zamani alinitumia hela ya sikukuu. Akituma hela nanunua mbolea. Akituma gauni, inabidi nilivae. Ameshanijua."

Katika yote niliyosikia watu wakisema kuhusu kule, hilo ndilo lililonikaa. Nilianza kuangalia majina kwenye maboksi. Mengi yalikuwa ya wazazi. Waliotuma walikuwa Dar, Dodoma, Mwanza, na zamani hao ndio walioshuka kwenye mabasi Desemba, na mabegi, na watoto wasiojua Kipare, wakaja kwetu kuwanunulia wazee wao kitu cha mwisho kabla ya kupanda mlima. Sasa ulikuwa unashuka mzigo peke yake.

Miaka ikaenda hivyo. Kila Desemba mama wa Mamba alifika kuchukua boksi lake. Kila mwaka nilimwona amepungua kidogo. Alisema ni sukari, akasema pia ni magoti, na hakupenda tuulize zaidi.

Mwaka ule boksi lake lilifika mapema. Tulimpigia, simu haikupatikana. Tukapiga tena kesho yake. Baba akaliweka kwenye rafu ya chini, karibu na kiti chake, ili lisichanganyike na mengine. Kisha akapita mfanyabiashara mmoja wa tangawizi anayepandisha pikapu Mamba kila wiki, na baba akamwomba ampelekee salamu: mwambie yule mama mzigo wake umefika.

Yule bwana akavua kofia. "Mzee, hamna habari? Mwanawe wa Dar amefariki. Aliumwa ghafla tu, wala hakulazwa siku nyingi. Wamemzika wiki iliyopita."

Nilikuwa nakanyaga cherehani. Mguu ukasimama wenyewe. Nilichofikiria kwanza ni kwamba gari lililobeba jeneza lilipita hapa hapa, kwenye lami, mbele ya duka letu, asubuhi tukiwa tunafagia, na boksi lake likiwa njiani nyuma yake, au mbele yake, katika barabara hiyohiyo.

Kampuni ina utaratibu wake. Mzigo usipochukuliwa kwa muda fulani, unarudishwa. Dada wa huduma kwa wateja akapiga, sauti yake nzuri na ya upole.

"Mpokeaji hapatikani, mzee. Urudishe tu."

"Anapatikana," baba akasema. "Yuko kwake. Ana msiba."

"Pole sana. Lakini mfumo unaonyesha..."

"Nitaupeleka mwenyewe, mwanangu. Andika kwamba umechukuliwa."

Tulipanda na ile pikapu, ilikuwa inakwenda tupu kufuata tangawizi. Baba alikaa mbele na boksi mapajani. Mimi nilikuwa kati yake na dereva. Tukashika barabara ya Kisiwani, mlima kulia, hifadhi kushoto, joto linachoma kupitia kioo, na tulipoanza kupanda baridi ikaingia ghafla na baba akaanza kukohoa. Nilimwambia anipe boksi nilishike mimi. Hakunipa.

Nyumbani kwa msiba watu walikuwa wameshapungua. Kaburi lilikuwa chini ya migomba, udongo bado mbichi, mashada yameanza kunyauka. Mume wa yule mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Alitupa mkono, akatuonyesha mlango. Yule mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Ningempita barabarani nisimjue. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha.

"Pole sana mama," baba akasema.

"Tumeshapoa, mzee. Umekuja mpaka huku? Na kifua chako hicho?"

Baba alikaa. Alikunywa maji. Nilimwona anavyotafuta maneno, yeye ambaye maneno ndiyo yalikuwa biashara yake. Mwishowe akasema tu, "Mama, nina mzigo wako."

"Nani ametuma?"

"Mwanao."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akaacha, akaendelea. Kisha yule mama akasema, "Fungua wewe, mzee. Mimi mikono haina nguvu."

Baba akakata gundi kwa wembe. Kulikuwa na gauni la kitenge, rangi ya zambarau, limeshonwa vizuri, na kola. Chini yake kulikuwa na sweta la mzee. Na chini kabisa, ndani ya nailoni yake, shati la kiume jeupe lenye mistari myembamba ya bluu.

Mama alilichukua gauni akaliweka kifuani. Lilimzidi pande zote. Ndani yake wangeingia yeye na mwingine. "Amemnunulia mama yake wa zamani," akasema. "Hajaniona tangu nilipopungua. Kwenye simu nilimwonyesha uso tu."

Halafu akaliona shati. "Na hili la nani? La baba yake si hili sweta?"

Baba alilitoa kwenye nailoni, akalishika mabegani, akalitazama muda mrefu. Nilijua anachotazama. Shingo ile aliipima tangu ikiwa shingo ya mtoto.

"Ni lake," baba akasema.

"Lake vipi? Lake si angeagiza kule kule Dar?"

Baba akalilaza shati mapajani mwake. Nilimwona yule mama akilifikia jibu mwenyewe, polepole, uso wake ukibadilika. Mtu hatumi shati lake la Krismasi Mamba kama hana mpango wa kulivaa Mamba.

"Alisema hapati likizo," akasema. "Alisema mwaka huu pia hapati." Kisha akainua sauti, akamwita mume wake, na kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa ile sauti niliyoijua, ile ya dukani, iliyofika mpaka stendi. "Baba, njoo! Alikuwa anakuja! Mtoto alikuwa anakuja!"

Mume wake aliingia. Sitaandika walivyolia. Baba alinishika mkono tukatoka nje, tukasimama karibu na migomba, na hapo yeye naye akalia, akijifuta kwa kofia yake.

Mchana ule nilimpima yule mama ili nimpunguzie gauni. Jirani alikuwa na cherehani ya miguu, akanipa nafasi chumbani kwake. Nilipopitisha futi kifuani kwa yule mama nilihisi mbavu chini ya kidole. Alisimama amenyoosha mikono kama mtoto anayepimwa sare, akaniuliza, "Unapunguza sana?" Nikamwambia napunguza kiasi, naacha kitambaa ndani, akinenepa nifumue. Akasema, "Haya, mwanangu." Tulikuwa wote tunajua.

Wakati tunaaga, baba, kwa sababu ya kazi yake, alijiona lazima aseme. "Mama, shati hili kampuni inapokea likirudishwa. Hela inarudi."

"Likirudi wanalipeleka wapi?"

"Wanamuuzia mwingine."

"Hapana," akasema. "Litakaa."

Nilisikia baadaye kwamba Krismasi alikwenda kanisani na lile gauni. Aliketi nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya nyimbo za mwisho.

Baba hakukaa sana na maboksi baada ya hapo. Kifua kilimzidi, na asubuhi nyingine alishindwa kufika dukani. Kampuni ikahamishia mizigo kwa mwenye duka la vifaa vya simu ng'ambo ya barabara. Baba alifariki msimu wa mvua za vuli. Duka nikalikodisha, cherehani nikaihamishia barazani pa nyumba yetu. Kazi ninayo, siwezi kulalamika. Zaidi ya nusu ya nguo ninazoletewa zimetoka kule, ni za kupunguza kiuno au kukata urefu. Nimejua kwamba watu wengi hununua wakikumbuka miili ya zamani, yao au ya wapendwa wao.

Desemba iliyopita yule mama alikuja kwangu, ametokea duka la vifaa vya simu kuchukua boksi. Binti yake wa mwisho ameshaanza kazi Dodoma, naye ameanza kutuma. Aliomba mkasi, akalifungua akiwa amekaa kwenye benchi langu, akatazama kilichomo mpaka chini kabisa, akapapasa hata pembe za boksi.

"Binti mwenyewe anakuja?" nikamuuliza.

"Hapana. Ametuma." Akakunja nguo, akaziweka kwenye kikapu chake chini ya sukari na majani ya chai. "Siku hizi nafungulia hukuhuku mjini. Nikilipeleka nyumbani likiwa limefungwa, baba yao anatoka nje, hawezi kuona likifunguliwa."

Aliniachia boksi tupu, akaniomba nimtafutie gari la kupanda kabla mvua haijaanza.