Vumbi Lililoangukia Muhogo

Juzi redio ilisema vumbi lililotanda angani hapa Tororo limeletwa na upepo kutoka majangwa ya kaskazini. Niliacha vyombo kwenye beseni, nikaketi kwa hasira.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja kule kijijini Iyolwa niliachwa nilinde muhogo wa shangazi, uliovundikwa ukanuka vikali, kisha ukaanikwa kwenye uwanja tuliousiriba kwa samadi. Nilifukuza kuku tu. Sikucheza. Shangazi aliporudi, muhogo wote ulikuwa na vumbi.

"Athieno, umeruka-ruka hapa!" akasema, na fimbo ikafuata.

Nililia mpaka nikaamini kwamba miguu yangu ilicheza bila mimi kujua. Lakini udongo wa kwetu ni mwekundu, na vumbi lile lilikuwa jeupe kama majivu. Watu wazima wote wa pale nyumbani, hakuna hata mmoja aliyeinama kulitazama!

Nikampigia simu shangazi, nikamweleza yote kuhusu jangwa.

"Kwa hiyo uliona jangwa inakuja," akasema, "ukakaa tu, hukufunika muhogo yangu?"