Kuku Aliyeijua Dizeli

Mke wangu alirudi kwao Ipole kwa sababu ya tone la maji. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Bati la nyumba yetu ya Kanyenye, pale Tabora mjini, lilikuwa na tundu la msumari, na kila mvua iliponyesha, tone lilidondoka upande wake wa kitanda, juu ya mto. Aliniambia mara ya kwanza, nikamjibu kwamba huo ni umande. Mara ya pili nikamwambia asogeze mto. Mara ya tatu sikumbuki nilimjibu nini, kwa sababu sikuwa nasikiliza. Kesho yake alifunga kanga zake na sufuria moja, akapanda lori la watu wa tumbaku, akaenda zake.

Nami nilikuwa fundi wa magari, tena fundi wa kujisifu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, magari madogo ya dizeli Tabora nzima yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na mimi niliamini hakuna mtu anayeisikia injini kama ninavyoisikia. Ukiniletea gari, niliinamisha sikio karibu na boneti, nikafumba macho, nikatikisa kichwa polepole. Watu walipenda sana jambo hilo. Sikio hilohilo ndilo lililoshindwa kusikia tone la maji kitandani, ila wakati ule sikulifikiria.

Nilivumilia wiki mbili za kula ugali wenye madonge niliopika mwenyewe, kisha nikafunga sanduku la spana nyuma ya baiskeli, nikashika njia ya kusini kumfuata mke wangu. Sanduku lile nilikuwa siliachi, nililibeba hata kanisani. Babu yangu aliwahi kwenda na misafara mpaka pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akarudi, na safari hiyo alitusimulia mpaka tukaikimbia. Mimi nilifika Ipole siku ya tatu nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyetaka kusikia safari yangu.

Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha, akanisikiliza nilivyojieleza huku anachonga mpini wa jembe. Nilipomaliza alinionyesha kwa kidevu kibanda kilichokuwa kando ya ghala. Ndani yake kulikuwa na gari la dizeli alilolinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao.

"Kesi ya mwanangu tutaikalia," alisema, "lakini kwanza nitibie hili gari. Mtu akishindwa na gari lisilosema, mke anayesema atamwezaje?"

Hapo nikajua nimewekwa kwenye mizani. Gari likipona, narudi na mke. Lisipopona, narudi na baiskeli. Akanieleza ugonjwa wenyewe: lilikuwa linafuka moshi. Jumapili iliyopita alilileta mpaka mlangoni pa kanisa, na kwaya nzima ikakohoa beti mbili. Warina asali wa kijiji cha pili walikuwa wametuma mtu kuliazima, wakafukuzie nyuki. Mzee aliyasimulia hayo kwa uchungu mkubwa, na mimi niliuma ulimi nisicheke.

Sasa kulikuwa na jambo jingine la kunitoa jasho, nalo ni mama mkwe. Kwetu Wanyamwezi, mama mkwe humtazami usoni, na yeye hasemi nawe ana kwa ana. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Akiwa na neno, anamtuma mtoto. Lakini nyumba ile haikuwa na mtoto, na mke wangu alikuwa amenuna, hataki kutumwa kwangu. Basi mama mkwe akamchagua kuku. Alikuwa kuku kishingo, shingo tupu, jicho kali, na alishinda karibu na ua wa nyasi uliotenga jiko na uwanja. Jioni ile nikasikia sauti nyuma ya ua: "Kuku, mwambie mgeni maji ya kuoga yako tayari." Kuku hakusema kitu. Mimi nikaenda kuoga.

Asubuhi nikaanza kazi. Nilipoliwasha, moshi ulitoka wa rangi ya bluu, na ukweli wa Mungu, hapo nilijisikia raha. Moshi mweusi ungekuwa wa dizeli nyingi, lakini wa bluu ni oili inayoungua. Nilifungua bomba la kuvutia hewa nikaingiza kidole, kikatoka kinachuruzika oili. Nikamtangazia baba mkwe kwamba valvu ya kuingizia hewa inavuja, oili inateremka kwenye mguu wake na kuingia kwenye silinda. Nilifumba macho, nikatikisa kichwa. Mzee alivutiwa.

Nyuma ya ua, sauti ikasema, "Kuku, mwambie mgeni aulize kwanza ni nani anayelilisha gari lile kila asubuhi, na analilisha nini."

Niliisikia kama unavyosikia kuku akitetea. Nikacheka peke yangu. Watu wa jikoni na gari, wapi na wapi! Nikashika spana.

Nilitoa kwanza bakuli la chujio la hewa, lile lenye oili ndani ya kunasia vumbi, nikaliweka kando kwa kuwa lilinizuia. Kisha nikafungua silinda hedi nzima, kile kifuniko cha juu cha injini. Valvu ya kuingizia hewa ilikuwa imefunikwa na masizi yaliyochanganyika na oili, mazito na meusi kama uji wa ulezi uliosahauliwa motoni. Siku mbili nilikwangua, nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaisaga valvu kwenye kikalio chake mpaka ikang'aa. Mke wangu alikuwa ananiletea chakula, anakiweka juu ya jiwe, anageuka. Nilimwambia kwamba kazi inakwenda vizuri. Akaniambia chumvi iko pembeni.

Siku ya tatu nikafunga kila kitu isipokuwa lile bakuli, nikawasha. Moshi ulitoka kidogo, kisha ukakatika kabisa! Nilipiga mluzi, nikazunguka gari lile mara mbili. Baba mkwe akasimama, akasema basi tumalizie. Akaenda kulileta bakuli mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili, nami kwa adabu nikalipokea kwa mikono miwili na macho nimeyainamisha. Nikalifunga mahali pake. Tukamwita mke wangu aje aone mume aliyenaye. Nikawasha tena.

Jamani. Ulitoka moshi ambao sijauona tena maishani. Ghala likapotea. Baba mkwe akapotea. Mke wangu nilimsikia anakohoa, kisha nikasikia hatua zake zikirudi ndani. Nilizima gari, nikakaa chini kwenye vumbi na brashi ya waya mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kanyenye niliogopa kweli kwamba nimempoteza. Sikuwa na la kusema, na nadhani ndiyo sababu nilisikia.

"Kuku," ilisema sauti nyuma ya ua, taratibu, bila hasira, "nimechoka kukutuma. Kuna mtu anatafuta oili inakoingilia kwenye chuma, siku tatu haioni, na bakuli amelishika mwenyewe. Na maji yanaingia kitandani kwa mwanangu, hayo nayo hayaoni. Muulize, hilo sikio lake analiweka wapi?"

Niliinuka. Nikalifungua bakuli. Ndani kulikuwa na alama, mstari mdogo unaoonyesha mwisho wa oili, na oili ilikuwa imepita mstari ule mpaka ukingoni, inataka kumwagika. Injini ilikuwa inaivuta na kuinywa. Hapo nikalielewa lile swali la kwanza la nyuma ya ua: baba mkwe alikuwa anaijaza kila asubuhi kwa mkono wake. Tangu aanze biashara hajampa mtu debe la asali lisilofika ukingoni, na kwake chombo kisichojaa kilikuwa ni matusi kwa mwenye chombo. Yule mlowezi alimwambia bakuli lisikose oili, naye akalitendea kama mgeni wake wa heshima.

Sasa nitamwambiaje baba mkwe kwamba mgonjwa amenyweshwa sumu na yeye mwenyewe? Nikamgeukia kuku, aliyekuwa anadonoa karibu na gurudumu.

"Kuku," nikasema kwa sauti, "bakuli hili lina mstari. Oili ikiishia hapa, gari halitafuka tena. Na mwambie mama kwamba nimesikia. Yote mawili."

Baba mkwe alimtazama kuku, kisha bakuli. "Kuku huyu ana akili," akasema, akaenda kuleta chupa ya kupunguzia oili. Tuliipunguza mpaka kwenye mstari. Lile gari likakohoa moshi uliobaki, kisha likatulia, na tuliweza kuliona ghala. Nyuma ya ua nilisikia watu wawili wanacheka, na mmoja wao nilimjua kwa kicheko.

Kesi haikukaliwa. Baba mkwe alitupeleka Tabora mwenyewe kwa gari lake, baiskeli imefungwa juu, na mke wangu amempakata kuku, zawadi ya mama yake. Tulifika Kanyenye wingu limetanda. Sikushusha mzigo. Nilichukua lami na kitambaa, nikapanda juu ya bati, nikaanza kupapasa kutafuta tundu.

Mke wangu alisimama chini, kuku kwapani, akaniangalia ninavyopapasa.

"Kuku," akasema, "mwambie asogee kushoto kidogo."

Nikasogea kushoto.