Matanga ya Mwandishi wa Fasla

Tharwat Bayyumi wa mtaa wa Karmuz, Aleksandria, alikuwa mtengenezaji wa tovuti ambaye hajamaliza tovuti ya mtu. Usidhani alikuwa mvivu, uvivu ungemsaidia. Alikuwa mtu wa kwenda na wakati, na wakati wa watu wa programu huria, wale wanaoandika programu na kuzigawa bure kwa ulimwengu mzima, hauna breki. Akianza kazi ya mteja Jumamosi kwa zana mpya kabisa, Jumanne anasoma kwamba zana ile imeshapitwa, anafuta kila kitu na kuanza upya. Kuna daktari wa meno aliyeagiza kwake ukurasa mmoja tu, wenye jina lake na saa za kufungua kliniki. Daktari huyo amestaafu. Anayengoja sasa ni mwanawe.

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Tharwat alisoma. Alisoma magazeti ya barua pepe, alisoma majukwaa, alisoma watu wasiojuana wakitukanana juu ya nukta mkato, kama iwekwe mwisho wa mstari au iachwe. Zana gani imetoa toleo jipya, nani amegombana na nani, nani ameususia mradi wake mwenyewe akaenda kufuga mbuzi; yote aliyajua. Na aliyoyajua aliyapeleka kwenye kundi la simu la waandishi wa programu wa Aleksandria, ambako alijiita Hudihudi, kwa jina la yule ndege aliyemletea Nabii Sulemani habari za mbali.

Sura yake hakuna aliyeijua humo kundini, lakini neno lake lilikuwa sheria. Watu wakibishana, mmoja akisema, "Hudihudi ameandika," wengine hufunga midomo. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kukosea. Bi Inshirah, mama yake, mjane mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kupika, alimwambia mara nyingi kwamba mtu halipi kodi ya nyumba kwa sifa za ndege. Tharwat alimwitikia bila kuinua macho.

Ila haki yake nimpe. Kitu kimoja katika maisha yake alikimaliza. Kiliitwa Fasla, yaani mkato, ile alama ndogo tunayoiweka katikati ya sentensi. Kwenye kurasa za maandishi yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, mikato ina tabia ya kuruka upande usio wake. Fasla ni kifurushi kidogo cha msimbo kinachoirudisha mahali pake, basi. Tharwat alikiandika zamani kwa ajili ya ukurasa wa duka la samaki la marehemu baba yake, akakiweka mtandaoni kila mtu achukue, akarudi kusoma habari. Huku nyuma Fasla ikachukuliwa na magazeti, na vyuo vikuu, na mabenki, mpaka nusu ya kurasa za Kiarabu duniani zikawa zinaitegemea.

Sasa, desturi ya watu hawa ni kwamba mwenye kifurushi hujibu barua. Mtu anaandika, hapa pameharibika; mwingine anatuma marekebisho, tafadhali yakubali. Tharwat hakujibu. Kwanza kwa sababu alikuwa anasoma. Halafu siku moja akisoma huku anakoroga maharage ya ful, simu ikamponyoka ikazama sufuriani, na simu ile ndiyo iliyokuwa ikimfungulia akaunti ya Fasla. Akanunua nyingine yenye namba nyingine, akasema akaunti ataishughulikia kesho. Kesho kulikuwa na habari.

Aliyekuwa akiandika zaidi ya wote ni mwanamke wa mji huohuo, Mhandisi Nermin Shukri, ambaye alikuwa akiitengeneza Fasla kila ilipoharibika na kuyaacha marekebisho yake kwenye foleni yangoje idhini ya mwenyewe. Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi: kama uko hai, nijibu neno moja. Kimya. Jukwaa zima likajadiliana likaona kwamba mtu mwenye kifurushi kinachotumika kiasi kile, akiombwa neno moja tu na asilitoe, huyo amekufa. Hakuna binadamu anayeweza kuwa hai na akawa hivyo.

Ndipo alfajiri moja gazeti mojawapo la barua pepe likaja na kichwa cha habari: "Mwandishi wa Fasla Afariki Dunia."

Tharwat alikuwa mezani, tamiya, ile bajia ya maharage, ya moto mdomoni. Kidole kilitangulia akili, kama kawaida yake. Akaituma habari kundini kabla ya mtu yeyote, akaongeza kwa mkono wake: "Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Aleksandria." Mikono ya dua ikaanza kumiminika. Alikuwa ameshamaliza tamiya nzima, na ameanza ya pili, alipojiuliza mwandishi wa Fasla ni nani.

Aliingia jukwaani mbio kwa akaunti mpya, akaandika: mimi ndiye mwandishi, niko hai. Wakamwambia aseme hivyo kutoka kwenye akaunti ya Fasla. Akawaeleza habari za sufuria ya ful. Hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu wezi wa vifurushi huanza hivyohivyo: anazuka mtu asiyejulikana, anasema yeye ndiye mwenyewe, simu imepotea, apewe funguo. Isitoshe, wakamwambia, kifo kimethibitishwa na Hudihudi wa mjini kwake marehemu, watu wa kundi wamelileta neno lake hapa jukwaani, na huyo hakosei. Wakamfungia. Asubuhi iliyofuata gazeti likatangaza kwamba kuna tapeli asiye na haya anayejifanya marehemu, na kwamba Alhamisi umiliki wa Fasla utahamishiwa kwa Nermin Shukri, moja kwa moja. Tharwat aliisoma habari hiyo mara mbili. Halafu akaituma kundini, maana ilikuwa habari, na angeichelewesha wangempita.

Alipata homa ya kweli. Fasla ilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha mbele za watu, na alikuwa anaporwa mchana kweupe na watu wanaomlilia.

Jumanne baada ya alasiri kengele ya mlango ikalia. Mstari wa kwanza wa Fasla ulikuwa na jina lake kamili na mtaa wake, aliyoyaandika ujanani akidhani kuna siku watamletea nishani nyumbani. Badala ya nishani akawakuta watu wa kundi wamejaa ngazini, nyuso zimeinama. Mbele yao alikuwa Wagih, mwenyekiti wa kundi, mtu mnene mwenye tai nyeusi, na kando yake mwanamke mwembamba wa miwani, ndiye Nermin.

"Pole sana, ndugu yangu," Wagih alisema, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye yeye. Tharwat."

Wagih akamtazama Nermin. Maneno hayo walikuwa wameyasoma gazetini, ya yule tapeli. Lakini huyu alikuwa na galabiya, kanzu ya nyumbani, na macho mekundu, wakaamua kwamba ni ndugu wa marehemu ambaye msiba umemwingia kichwani. Wakamketisha taratibu.

Bi Inshirah akatoka jikoni, akauliza nani kafa.

"Tharwat, Hajati," Wagih akamjibu kwa sauti ya chini.

"Tharwat yupi?"

"Mwanao."

"Mwanangu huyo hapo, amekalia nguo zangu nilizopiga pasi sasa hivi."

Wageni wakainamisha vichwa. Mmoja akapenga kamasi. Wagih akanong'ona kwamba mama ni mama, moyo wake haukubali, aachwe. Bi Inshirah akamtazama mwanawe, akawatazama wageni, akaona kwamba wajinga ni wengi kuliko viti. Lakini mgeni aliyekuja na rambirambi hafukuzwi, akaenda kuchemsha kahawa isiyo na sukari, ile ya msibani.

Sifa za marehemu ziliisha kabla ya vikombe, maana hakuna aliyemjua. Mazungumzo yakaingia yenyewe kwenye matoleo mapya, na zana ipi imeiba wazo la zana ipi. Hapo Tharwat akafufuka. Akawasahihisha, akawapa tarehe, akawaeleza ugomvi ulianza wapi. Wakamsogelea, wakamwona ndugu wa marehemu ni mtu wa maana sana. Kwa muda mfupi aliyafurahia matanga yake kuliko sherehe yoyote aliyowahi kualikwa.

Nermin hakucheka. Alikuwa anamtazama tu.

"Kama wewe ndiye," alisema, "niambie habari ya mstari wa mkizi."

Ndani ya Fasla kuna mstari mmoja unaosema kwamba mkato wowote ukitanguliwa na neno mkizi, usiguswe, uachwe ulipo hata kama umekosewa. Kwa nini, hakuna ajuaye. Kila aliyejaribu kuufuta, Fasla nzima iligoma. Tovuti za mabenki katika nchi nyingi zimembeba samaki huyo bila kujua, na wasomi wa mtandaoni wametunga nadharia mpaka wakakosana.

Tharwat akafungua mdomo. Akatafuta kichwani. Akakuta toleo la nne la zana fulani, na sababu ya toleo la tano kucheleweshwa, na mtu aliyekwenda kufuga mbuzi, na jina la mbuzi mmojawapo. Mkizi hakumkuta.

"Nimesahau," alisema.

Wagih akashusha pumzi, kwa huruma.

"Mkizi?" Bi Inshirah alikuwa amesimama mlangoni na sinia. "Umesahau mkizi, wewe? Baba yako alipokuwa anaandika orodha ya samaki, kila akifika kwa mkizi anaweka mkato upande wa makosa. Ukimsahihisha anakasirika, anasema ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake. Mkagombana siku nzima. Jioni ukaniambia, mama, nimeifundisha mashine imwache mzee alivyo."

Hakuna aliyegusa kikombe. Tharwat alimwona baba yake juu ya kigoda dukani, akichapa herufi kwa kidole kimoja chenye magamba ya samaki. Alikuwa na kitu kile chote, na alikitoa nje kama fanicha kuukuu ili apate nafasi ya kuweka habari za watu.

Nermin akavua miwani akajifuta macho. Aliporudi kusema, alikuwa na hasira. "Kumbe uko hai. Miaka yote hii uko hai, na hukunijibu."

Tharwat akalivuta magotini shuka moja la mama yake.

"Basi kilicho chako ni chako," Nermin akaendelea. "Sitaki cha mtu aliye hai. Tutashuhudia sote kabla Alhamisi haijafika. Lakini kule hawatatusikiliza sisi. Kifo chako kimesimama juu ya neno la Hudihudi. Yeye aandike mstari mmoja tu, kwamba alikosea, utapewa Fasla yako leo hii."

"Hudihudi hajawahi kukosea," Wagih alisema, na uso ulimpauka kidogo. "Mimi nimehama zana kwa neno lake. Nimefukuza watu kazi kwa neno lake. Akisema alikosea hili, nani atajua alikosea mangapi? Tutavunja kundi, kila mtu ajisomee mwenyewe."

Wakakubaliana kwamba hata hivyo aombwe. Nermin akaandika kundini hapohapo: Hudihudi, tafadhali, ile habari ya kifo ni kweli au si kweli?

Simu ikatikisika ndani ya mfuko wa galabiya. Tharwat akaichukua, akaificha chini ya shuka la mama yake lililopigwa pasi. Akaandika: nilikosea. Akayatazama maneno hayo. Yalikuwa machache na ya kweli, na hajawahi kuona maneno mabaya kama yale. Aliiona akilini siku ya pili yake: anatuma habari, na mtu anajibu, hebu tusubiri tuthibitishe. Wanasubiri. Hudihudi wa kusubiriwa. Akafuta neno moja, akafuta la pili, vidole vikaenda venyewe.

Simu zote chumbani zikalia kwa pamoja. Wakainama kusoma. Wagih ndiye aliyesoma kwa sauti:

"'Imethibitishwa. Mwandishi wa Fasla amefariki. Mungu amrehemu.'"

Walimtazama Tharwat, wakaangalia simu zao, wakamtazama tena, lakini mara hii kwa namna nyingine, kama mtu aliyeazima nguo za marehemu. Kisha Wagih akasimama, akaweka tai yake sawa, na wote wakasimama nyuma yake kupanga mstari wa kuaga. Nermin alikuwa wa kwanza. Hakujua ampe nani mkono.

Bi Inshirah alikuwa ameyaona yote kutoka pale mlangoni. Alikuwa ameuona mkono wa mwanawe ukichezacheza chini ya shuka. Akaweka sinia chini, akajifunika mtandio vizuri, akaketi kwenye kiti cha wafiwa, akampa Nermin mkono.

"Pole sana, mama," Nermin alisema.

"Nimeshapoa, mwanangu," Bi Inshirah akamjibu. "Nimeshapoa siku nyingi."