Kilio cha Kuazima

Miaka ile ya hamsini, Shinyanga nzima ilijua kikundi kimoja tu cha maigizo ambacho watu walikivalia nguo za sikukuu kwenda kukitazama. Kilikuwa cha walimu, makarani na mafundi, na kilipanda lori kwenda kucheza mpaka Mwanza na Tabora. Kasoro yake ilikuwa moja: hakikuwa na mwanamke. Sehemu zote za kike alizicheza fundi cherehani mmoja mwenye kiuno chembamba, tena alizicheza vizuri hata akina mama wakamwonea wivu. Nilipokubaliwa kuingia, nikiwa na miaka kumi na minane, nilipewa nafasi yake katika mchezo mpya, naye akashushwa cheo, akawa maiti.

Ndiyo, maiti. Mchezo ulihusu msichana aliyeolewa mbali, akarudi kwao na kumkuta mama yake amelazwa, amefunikwa shuka. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, isipokuwa pale msichana anapoangusha mzigo wake na kulia. Mwalimu aliyetuongoza alisema hakuna mtu anayemlilia mama yake kwa lugha ya darasani. Nilie Kisukuma, "Mayu wane!", mama yangu, na nilie kama waliavyo waliofiwa. Nisipoweza, kanga za msichana zitarudi kwa fundi. Fundi aliposikia hivyo alikohoa kidogo chini ya shuka.

Nikaenda kufanya mazoezi nyumbani, na hapo ndipo akili iliponitoka. Tulikaa nje ya mji, upande wa kwenda Kolandoto, mama na mimi tu, kwani baba alikwisha fariki. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikasimama nyuma ya nyumba, nikavuta pumzi, nikalia mara tatu.

Kwetu kilio cha msiba hakisikilizwi, kinaitikiwa. Anayekisikia huacha alichoshika, akapaza sauti yake, akabeba alicho nacho na kuja. Habari za nani amekufa huulizwa baadaye. Sijamaliza kujisifu, jirani wa kwanza akaingia uani na mzigo wa kuni, analia. Wa pili alileta unga. Wa tatu alikuja amejifunga kaniki kiunoni, akaangaza macho, akaona mama hayupo, akajipa jibu mwenyewe na kuanza kumlilia kwa kutaja sifa zake. Nilijaribu kueleza, lakini nani amsikilize mfiwa? Walinikalisha chini wakanishika mabega.

Mama alivisikia vilio akiwa kisimani. Akaacha ndoo, akaja mbio analia, tena kwa sauti iliyowazidi wote, maana alijaliwa kifua. Alipofika uani, machozi yanamtiririka, akamshika jirani mkono.

"Jamani, nani ametutoka?"

Jirani akamtazama juu mpaka chini. "Wewe."

Leo nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Majirani walibeba kuni zao wakaondoka kimyakimya, na mama akakaa kizingitini. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Umenizika ningali nachota maji," alisema. "Mchezo wako cheza. Lakini mimi usinilie tena nikiwa hai."

Nikaahidi, kwa sababu nilimwogopa na nilimpenda. Mwalimu sikumwambia habari ya ahadi hiyo, kwa sababu niliitaka ile nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Kila tulipofika pale pa kulia nilishika shingo na kumwambia naitunza sauti kwa siku yenyewe. Aliniamini, maskini.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Geita, kwa wachimbaji wa dhahabu, Jumapili alasiri, juu ya jukwaa la mbao zilizotandikwa kwenye mapipa. Mama alikuja nami, maana binti yake hawezi kupanda lori la wanaume peke yake, hata kama wanaume wenyewe ni walimu. Alikaa mbele kabisa, kanga kichwani, amekunja mikono. Pembeni yake alikaa mchimbaji mmoja mtu mzima, mvi zimemjaa, kofia magotini.

Nikaingia. Nikaona shuka. Nikaangusha mzigo, nikapiga magoti, nikafungua kinywa, na macho yangu yakakutana na ya mama. Hakikutoka kitu.

Uwanja ulitulia. Nilimwona mwalimu nyuma ya turubai, ameshika kanga za akiba.

"Lia, dada," fundi alininong'oneza kutoka chini ya shuka. "Nzi wananimaliza."

Sikuweza. Machozi yalinitoka, lakini yalikuwa ya aibu na hayakuwa na sauti. Ndipo mama alipoinuka, mbele ya watu wote wale.

"Lia, mwanangu!" akasema kwa sauti ya kisimani. "Mimi nipo hapa, nimekula, nimeshiba. Lia!"

Watu waliangua kicheko. Nami katikati ya kicheko chao nikalia. "Mayu wane!" Kicheko kikakatika. Wanawake waliokuwa pembeni wakiuza uji waliitikia, mama akaitikia, na baada yao wanaume wa kila kabila, wengine hata neno hawakulielewa. Yule mwenye mvi alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yanamtikisika.

Kanga hazikurudi kwa fundi. Yeye alinipa mkono, akasema hajawahi kufa vizuri kiasi kile.

Kesho yake asubuhi, ndani ya lori, nilimwuliza mama kwa nini aliniruhusu.

"Yule bwana niliyekaa naye," akasema, "aliniambia kabla hujaingia jukwaani kwamba barua ya msiba wa mama yake ilimfikia huku baada ya miezi minne. Aliisoma peke yake, akarudi kazini. Hakulia, maana hakukuwa na wa kumwitikia. Nikaona nimwazime kilio changu."

Nikamwegemea.

"Lakini sasa kimekwisha kutumika," akaendelea, akinisogeza kidogo ili apate nafasi ya miguu. "Siku yangu ikifika, usiniletee hicho. Unitafutie kingine."